Mahali pa Kutazamia Mji wa Unguja

Mgeni afikaye Mji Mkongwe wa Unguja siku hizi hakosi kuambiwa kwamba, kabla jua halijatua, yampasa apande juu. Juu hiyo ni paa la nyumba ya kale iliyogeuzwa hoteli. Ngazi za mbao, nyembamba na zenye kuchosha magoti, hukoma katika kibanda kisicho na kuta; pana mito ya kukalia, pana upepo, na chai ya viungo huletwa katika sinia. Toka hapo jicho huona bahari na majahazi yarudiyo, minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, mnara wa kanisa la Mkunazini, na baina ya vitu hivyo mapaa ya mabati yenye kutu, yamegusana hata vichochoro vilivyo chini yake havijulikani vilipo. Adhana ya magharibi huanza msikiti mmoja, ikapokewa na wa pili na wa tatu. Mgeni hupiga picha, hulipa, hushuka.

Mambo haya huonekana kuwa mapya, nayo huhesabiwa katika biashara ya utalii tu. Lakini mji huu umekuwa na mahali pa kutazamia pa namna nyingi kwa muda wa karibu miaka 200, na katika muda huo kutazama kutoka juu hakukuwa burudani ya kila mtu. Kulikuwa haki, na haki hiyo ilikuwa na wenyewe. Aliyesimama juu alijulikana, na aliyekatazwa kusimama juu alijulikana pia. Mtu akitaka kuandika habari za tawala zilizopita Unguja, angeweza kuziandika kwa kuuliza swali moja kwa kila zama: nani alikuwa rosheni ya juu, na alikuwa akimtazama nani?

Habari iliyo wazi kuliko zote ya mahali pa kutazamia katika Unguja ya kale haikuandikwa na mwanahistoria. Iliandikwa na mwanamke, Seyyida Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, baada ya yeye kubatizwa na kuitwa Emily Ruete. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, pwani ya kaskazini ya mji, ambalo baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alilipenda kuliko majumba yake yote. Mbele ya jumba hilo, kuelekea baharini, palikuwa na kitu kilichoitwa benjile: rosheni kubwa ya mviringo, mfano wa mnara mfupi, sakafu yake na vizuizi vyake na paa lake lenye umbo la hema vyote vya mbao iliyotiwa rangi. Ilikuwa pana kiasi cha kuweza kufanyiwa karamu. Palikuwa na viti kadha wa kadha, na palikuwa na darubini kubwa.

Katika benjile hiyo Seyyid Said alikunywa kahawa mara mbili tatu kwa siku, pamoja na mkewe mkuu, Azza binti Seif, na watoto wake waliokwisha kuwa wakubwa. Humo pia alitembea kwa saa nyingi, kichwa kimeinama, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi aliyopigwa vitani. Mtu aliyetaka kusema naye faraghani alijua saa za kumkuta huko. Mbele yake, mwaka mzima, ilitia nanga manowari moja, ambayo mzinga wake uliwaamsha watu daku katika mwezi wa Ramadhani.

Jambo la kuangaliwa hapa ni upande ambao rosheni ile ilielekea. Haikuelekea mashamba wala haikuelekea mji. Ilielekea bahari, kwa kuwa mali ya mtawala yule ilikuja kwa bahari: majahazi ya kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, merikebu za Wamarekani na Wazungu zilizofuata pembe na karafuu, na pia, jambo lisilofaa kufichwa, vyombo vilivyojaa watumwa kutoka mrima. Darubini ya Mtoni ilikuwa chombo cha furaha kwa watoto, kwani Salme asema ilikuwapo kwa matumizi ya wote. Lakini kwa baba yao ilikuwa chombo cha kazi. Katika jumba lile, kwa hesabu ya binti huyo, walikaa watu wapatao 1,000. Wengi wao walikuwa watumwa, na kwao benjile ilikuwa mahali pa kupeleka kahawa.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Nyumba za mawe za Waarabu zilikuwa na mapaa bapa, yenye ukuta mfupi pembeni, kwa desturi ya Oman, nchi isiyo na mvua nyingi. Paa lilikuwa sehemu ya nyumba: palianikwa vitu, palilalwa siku za joto, na jioni palipungwa upepo. Lakini katika mji uliosongamana namna ile, apandaye paa lake huona ua wa jirani yake, na kuona ua wa jirani ni kuvunja sitara. Wanazuoni wa fikihi waliliandika jambo hili zamani sana katika miji ya Kiislamu: mtu haruhusiwi kufungua dirisha wala kujenga kituo cha kumwezesha kuona waliomo ndani ya nyumba ya mwenzake. Kwa hiyo urefu ndani ya mji ulikuwa mali yenye masharti. Madirisha ya chini yalikuwa machache na ya juu, milango ilikuwa mizito, na wanawake wa majumba makubwa walipita kutoka nyumba moja hadi nyingine kwa wikio, ile njia ya juu ivukayo kichochoro, wasionekane na mpita njia.

Mwanamke wa daraja ya juu, basi, hakuwa na njia, lakini alikuwa na paa. Hakuweza kwenda sokoni mchana, bali aliweza kuutazama mji wote toka juu ya nyumba yake. Jambo hili limesahauliwa mno na wale waliozoea kuzungumza habari za kufungiwa kwa wanawake wa Unguja. Walifungiwa wasionekane, lakini kuona hawakuzuiliwa. Na huko kuona kulileta mambo.

Salme mwenyewe ni ushahidi. Katika miaka ya 1860 alikaa katika nyumba ya mjini iliyopakana na nyumba ya mfanyabiashara kijana wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Paa la nyumba ya Mjerumani lilikuwa chini kuliko lake. Toka dirisha la juu binti mfalme aliona karamu za wanaume wa Kizungu, zilizoandaliwa, kwa maneno yake mwenyewe, makusudi apate kuona namna Wazungu wanavyokula na kufurahi. Kwanza alitazama, baadaye wakajuana, baadaye akapata mimba. Mwezi wa Agosti mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akashushwa Aden. Mwaka uliofuata aliolewa na kwenda Ujerumani. Waandishi wengi wamekieleza kisa hiki kuwa kisa cha mapenzi, na wengine wamekieleza kuwa kisa cha siasa. Ni halali kukieleza pia kuwa kisa cha mapaa mawili yasiyolingana.

Kuhusu minara ya kweli, mji wa Unguja ulikuwa nayo michache. Mabusaidi walikuwa Waibadhi, na misikiti ya Kiibadhi ilijengwa bila ya fahari, mingi bila mnara. Msikiti wa Malindi, wenye mnara wake wa mfano wa pia, ni tofauti iliyo maarufu kwa sababu ya uchache wa wenzake. Mwadhini aliadhinia mlangoni au paani. Kwa hiyo, mpaka katikati ya karne ya 19, mtu aliyeukaribia mji kwa chombo aliona ngome ya Waarabu, ile iliyojengwa baada ya Wareno kufukuzwa mwaka 1698, na aliona majumba ya mtawala na bendera za mabalozi. Hakuona kitu kilichotaka kushindana na mtawala kwa urefu.

Mshindani wa kwanza alikuja kwa amani. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pa soko hilo, Mkunazini. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, yule yule ambaye wanafunzi wa Kiswahili wamjua kwa kitabu chake cha hadithi na kwa kitabu chake cha sarufi, vyote vya mwaka 1870. Husimuliwa Unguja hata leo kwamba Barghash alilitolea kanisa lile saa ya mnarani kwa sharti moja: mnara usizidi kwa urefu Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Ajabu. Hesabu ya miaka huitia hadithi hii mashaka kidogo, kwa kuwa kanisa lilianza kujengwa miaka 10 kabla ya jumba. Lakini hadithi isiyokaa vizuri katika kalenda huweza kukaa vizuri sana katika fikira za watu. Waliosimulia walijua jambo moja: kwamba urefu katika mji ule ulikuwa haki ya mtawala, na hata askofu aliyepewa zawadi ilimpasa kuukumbuka mpaka wake.

Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883. Barghash alikuwa ameona mengi kabla ya kulijenga. Alikuwa uhamishoni Bombay baada ya uasi wake wa mwaka 1859 kushindwa, na mwaka 1875 alizuru Uingereza na kupita Ufaransa. Jumba lake halikuwa la kukaa. Lilikuwa la sherehe na la kuonyesha. Nguzo za chuma cha kusubu zilizoletwa kutoka Ulaya zilibeba rosheni pana kuzunguka pande zote, ghorofa juu ya ghorofa, na boriti za chuma zilibeba sakafu ambazo mikoko ya mrima isingeweza kuzibeba. Upana wa vyumba vya nyumba za kale za Kiswahili ulipimwa kwa urefu wa boriti la mkoko. Hapa kipimo hicho kilivunjwa. Taa za umeme ziliwaka humo kabla ya mahali pengine popote Unguja. Mbele, karibu na bahari, ulisimama mnara wa taa, na njia za juu ziliunganisha jumba hili na Beit al-Hukm na Beit al-Sahil ili wanawake wa nyumba ya kifalme wapite bila kuonekana.

Kwa hiyo mahali pa kutazamia palipata sura mpya. Benjile ya Mtoni ilikuwa ya mbao, nje ya mji, na mtu aliyeketi humo alikuwa akitazama tu. Rosheni za Beit al-Ajaib zilijengwa ili mtawala atazame na pia atazamwe: kila nahodha aliyetia nanga alikuwa chini yake, lakini kila nahodha aliweza pia kumwona. Hapo ndipo palipokuwa na hatari ambayo hapana shaka Barghash hakuipima sawasawa, au aliipima akakosa la kufanya. Mahali paonapo bahari yote ni mahali paonwapo na bahari yote.

Haikuchukua muda. Mwezi wa Agosti mwaka 1885, jumba likiwa na umri wa miaka miwili, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele yake, kumshurutisha Barghash aache kupinga ulinzi wa Wajerumani uliotangazwa juu ya nchi za bara. Katika msafara huo alikuwamo Salme, mjane sasa, ameletwa na Wajerumani kama karata ya mchezo wao. Aliuona mji wake baada ya miaka 19. Kaka yake hakukubali kumpokea. Ni vigumu kupata katika historia ya pwani hii picha iliyo chungu zaidi kuliko ile: dada chini, katika chombo cha wageni; kaka juu, katika jumba lenye rosheni nyingi kuliko majumba yote ya pwani; na maji machache baina yao.

Barghash alikufa mwaka 1888. Miaka minane baadaye jumba lilipata jibu la jambo lile la kuonwa na bahari. Seyyid Hamad bin Thuwaini alikufa tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walijifanya walinzi wa nchi. Siku mbili baadaye, asubuhi ya tarehe 27, manowari tano za Kiingereza zilikuwa zimejipanga bandarini. Khalid na watu wake waliziona vizuri. Mahali pao palikuwa pamejengwa kwa kazi hiyo hiyo. Saa 3 na dakika 2 mizinga ilianza. Katika muda wa dakika 40 hivi Beit al-Hukm liliangamia na Beit al-Sahil likabomoka. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama. Na watu wapatao 500 wa upande wa Unguja waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia katika ubalozi wa Ujerumani.

Vitabu vya mataifa mengine hupenda kuviita vita hivi vita vifupi kuliko vyote duniani, na watalii huchekeshwa navyo. Ucheshi huo ni wa mtu aliye upande wa mizinga. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya majumba ulibomolewa hata haukufaa tena. Mwaka 1897 mnara mpya, wenye saa, ulijengwa ukaungwa na uso wa Beit al-Ajaib lenyewe, lililonusurika bila madhara makubwa. Mahali pa Beit al-Hukm palibaki wazi. Na kwa muda wa miaka iliyofuata, mtu aliyesimama katika rosheni ya jumba aliona kitu kimoja ambacho wajenzi wake hawakukikusudia: milingoti ya Glasgow, imechomoza juu ya maji katikati ya bandari. Ilikaa hapo mpaka mabaki ya meli yalipoondolewa mwaka 1912. Wakati huo, tangu mwaka 1911, Beit al-Ajaib lilikuwa limekwisha kuwa ofisi za serikali ya ulinzi. Makarani na mabwana wa Kiingereza walipanda ngazi za Barghash kila asubuhi na faili kwapani.

Minara mingine ilipanda upesi baada ya hapo. Ile miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, kazi ya wamisionari wa Kifaransa, ilisimama mwishoni mwa karne ya 19, nayo mpaka leo ndiyo imwonyeshayo baharia mji kutoka mbali. Mtu hakuuliza tena kama inazidi jumba la mtawala.

Lakini rosheni hizi zote, za Masultani na za Waingereza, zilikuwa na kisogo. Zilielekea bahari au zilielekea majirani wa mawe. Nyuma ya mji palikuwa na mkono wa bahari, na ng'ambo ya mkono huo walikaa watu waliojenga majumba, waliochukua mizigo bandarini na waliochambua karafuu: watumwa walioachwa huru na watoto wao, Waswahili maskini, watu wa bara. Jina la mtaa wao lilisema yote: Ng'ambo. Mtu hujiita wa ng'ambo akiwa ametazamwa na mwingine aliye upande huu. Maji yale yalifukiwa kidogo kidogo katika wakati wa Waingereza, daraja likabaki katika jina la Darajani tu. Jina la Ng'ambo halikufukiwa. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipata nguvu zake nyingi upande huo, ambao rosheni za fahari hazikuupa uso.

Serikali ya Mapinduzi haikuacha jambo hili bila jibu la mawe. Katika wakati wa Mzee Abeid Amani Karume palianzishwa, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, majumba marefu ya Michenzani, yaliyonyoshwa kwa mistari katikati ya Ng'ambo. Wasanifu wameyasema vibaya, na kwa upande wa uzuri hawakukosea. Hata hivyo mwenye kuyahukumu na apande kwanza ghorofa za juu. Toka huko Mji Mkongwe waonekana wote, mapaa yake chini, bahari nyuma yake. Familia ambazo babu zao walitazamwa toka upande wa mawe sasa zaweza kuanika nguo zao huku zikiutazama upande wa mawe. Sifa hiyo haimo katika vitabu vya usanifu.

Beit al-Ajaib nalo likabadilika. Lilitumiwa na Chama cha Afro-Shirazi, na mwishowe likawa makumbusho ya historia na utamaduni. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Katika miaka ya makumbusho, mtoto wa shule kutoka Makunduchi au Mkokotoni aliweza kupanda mpaka rosheni ya juu, akaegemea kizuizi alichoegemea Sultani, akaona Ngome Kongwe chini ya mkono wake wa kushoto na bahari mbele. Katika historia yote iliyosimuliwa hapa, muda huo ndio pekee ambao mahali pa juu kabisa pa Unguja palikuwa pa watu wote. Haukuwa mrefu. Sehemu ya jengo ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, jengo likiwa katika matengenezo, uso wake wa mbele pamoja na mnara wa saa ulianguka, na watu wakafa chini ya kifusi.

Wakati huo kutazama kulikuwa kumekwisha kuhamia mahali pengine. Mapaa bapa ya zamani hayakuvumilia mvua za masika. Yalivuja, yakala boriti, na wenye nyumba, kwa miaka mingi, waliyafunika kwa mabati. Hivyo mwenyeji alilipoteza paa lake, pamoja na upepo wake wa jioni. Baada ya mwaka 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba zikataifishwa na kugawanywa kwa familia nyingi zisizo na fedha ya kutengeneza chokaa. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, karibu na wakati ule ule milango ya utalii ilipofunguliwa. Wenye hoteli waliponunua au kukodi majumba makubwa, waliondoa mabati sehemu ya juu na kusimamisha vibanda vya kunywea chai. Kazi hiyo iliokoa majumba kadhaa ambayo yangeanguka, nayo yastahili sifa. Lakini jambo lililorudishwa ni paa. Sitara haikurudishwa pamoja nalo. Mgeni mwenye kamera aonaye ua wa jirani hajui kwamba katika mji huu kuliwahi kuwa na sheria juu ya macho, na mwenye hoteli aghalabu hamwambii. Mama afuaye nguo katika ua huo hutundika shuka, au turubai, juu ya kichwa chake.

Upande wa bahari, bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya mwaka 2009. Humo hapahitajiwi ngazi. Jioni vijana wa mjini hukimbia na kujirusha kutoka ukutani baharini, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mahali iliposimama milingoti ya Glasgow. Wauza pweza na urojo huwasha taa zao. Na wenyeji huketi kwa urefu ule ule wa wageni. Nyuma yao ni Beit al-Ajaib, ambalo Serikali ya Oman imeshiriki katika mipango ya kulirejesha. Wahandisi wana kazi ya kuamua unene wa nguzo na uzito wa sakafu. Nani atapanda tena rosheni ya juu, na kwa bei gani, hilo ni la kuamuliwa na wengine.